Bajeti ya halmashauri yetu, Moshi na Arusha: maswali ninayoulizwa kila siku

Nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Moshi kwa kipindi kimoja cha miaka mitano na maswali haya nimeulizwa sokoni, kwenye vikoba, msibani, hata ndani ya hiace. Ndugu zangu wa Arusha nao wananiuliza yale yale kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja. Mengi yanakuja mwezi wa sita watu wakishasikia hotuba ya bajeti kwenye redio, na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu mwezi wa sita mambo ya mtaa wako yalishaamuliwa zamani.

Hivi mkoa na halmashauri si kitu kimoja?

Hapana. Sisi Tanzania hatuna majimbo yenye serikali zake kama Nigeria au Marekani, ambako jimbo linatunga sheria zake na kukusanya kodi zake. Mkoa wetu ni mkono wa serikali kuu, mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais na ofisi yake inapewa hela na Hazina kupitia fungu lake, Arusha ni Fungu 70 na Kilimanjaro ni Fungu 75, ukikuta vitabu vya bajeti tafuta namba hizo. Halmashauri ndiyo inayokusanya ushuru wako na ina madiwani uliowapigia kura. Kilimanjaro zipo saba: Manispaa ya Moshi, Moshi vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Arusha pia saba: Jiji, Arusha vijijini, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Kwa hiyo mtu wa Kibosho ukienda kulalamika manispaa utaambiwa umekosea mlango, wewe ni wa Moshi vijijini hata kama ofisi zote ziko mjini.

Mwaka wa bajeti unaanza lini?

Tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Ndio maana unasikia "bajeti ya 2024/25" na sio mwaka mmoja.

Hela ya halmashauri inatoka wapi?

Mifuko ni mitatu mikubwa na watu wanaichanganya sana.

Wa kwanza ni mapato ya ndani, yaani kile halmashauri inachokusanya yenyewe: leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa huduma, ushuru wa nyumba za kulala wageni, ushuru wa mazao, vibali vya ujenzi, kodi za vibanda na fremu zake, machinjio, maegesho pale inapoyasimamia, na malipo ya hospitali na vituo vya afya. Ruhusa ya kukusanya inatoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ambayo ni Sura ya 290, na kwenye sheria ndogo ambazo madiwani wenyewe wanazipitisha. Hilo la sheria ndogo lishike vizuri. Ushuru mpya ukitokea sokoni una haki ya kuuliza uko kwenye sheria ndogo ipi.

Wa pili ndio mkubwa kuliko wote nao ni ruzuku kutoka Hazina. Hapa kuna mishahara, kuna hela ya uendeshaji ambayo wenyewe wanaita OC, na kuna hela ya maendeleo. Mwalimu wa shule ya msingi ya mtaani kwako na nesi wa zahanati ni watumishi wa halmashauri lakini mshahara wao unatoka Hazina, na ukichukua bajeti ya halmashauri yoyote huku kwetu utakuta mishahara imekula sehemu kubwa sana. Kwa hiyo ukisikia mabilioni usidhani ni mabilioni ya kujenga.

Wa tatu ni hela ya miradi maalum na wafadhili. Afya kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, elimu ya msingi kuna BOOST, sekondari kuna SEQUIP. Arusha walipata barabara nzuri za lami kupitia ule mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na TACTIC ukafuata baada yake. Hata yale madarasa tuliyoyaita ya pochi la mama mwaka 2021 yalikuwa kwenye kundi hili, ilikuwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kwa ajili ya UVIKO na ndani yake yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Hela za namna hii zina masharti, zimekuja kwa ajili ya darasa zitajenga darasa hata kama nyie shida yenu kubwa ni mtaro.

Watalii wote hawa wanapanda mlima, Moshi si ingekuwa tajiri?

Hili naulizwa kuliko yote na linawaumiza watu. Ada ya kuingia hifadhi ya Kilimanjaro haiingii manispaa wala Moshi vijijini, ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kwa Sheria ya Fedha ya 2020 TRA ndio wakapewa kazi ya kukusanya mapato ya TANAPA na ya Ngorongoro yaende Mfuko Mkuu wa Hazina. Karatu na Arusha mjini hali ni hiyo hiyo, magari ya watalii yanapita asubuhi yanarudi jioni na ada ya getini haibaki hapo.

Halmashauri inachopata ni kile mtalii anachoacha njiani. Kalala hotelini kuna ushuru wake, kampuni iliyomleta ina leseni na inalipa ushuru wa huduma, mpagazi akilipwa anakuja kununua soko la Mbuyuni na pale kuna ushuru. Ndio maana hoteli isiyoandikisha wageni wake sawasawa inatuumiza sisi moja kwa moja, kuliko inavyoiumiza Dodoma.

Nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, inaenda halmashauri?

Zamani halmashauri ndio ilikuwa inakusanya, mabwana kodi wanapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU kwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu kwa ghorofa za mjini, halafu Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa hiyo haidondoki kwenye akaunti ya manispaa siku ile umenunua umeme, inaingia serikali kuu kwanza. Mimi nasema wazi kwamba halmashauri za mjini zilipoteza chanzo chao cha uhakika hapo, kwa sababu nyumba haihami na haifungi biashara.

Mpangaji akikatwa ajue kisheria mwenye nyumba ndiye mwenye deni. Kaeni mkubaliane kwenye kodi ya pango.

Nauza nyanya sokoni nalipa ushuru kila siku, nitajuaje umefika?

Dai risiti ya mashine ya POS. Sio karatasi iliyoandikwa kwa mkono wala "mama nitakuletea kesho". Mashine ile imeunganishwa na mfumo wa mapato, hela uliyolipa inaonekana kwa jina la mkusanyaji na anadaiwa mpaka aipeleke benki. Taarifa za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mwaka hadi mwaka zinarudia jambo hili hili, mapato yaliyokusanywa kwa POS na hayakupelekwa benki, kwa hiyo risiti yako ndiyo inayomfanya mtu adaiwe. Leseni, kodi ya fremu na malipo mengine makubwa unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au benki, usimpe mtu mkononi hata kama ni jirani yako na unamheshimu.

Kuna mama mmoja tunauza naye alikuwa anasema mia tano tu ya nini kusumbuana na risiti. Tukapiga hesabu naye: mia tano kwa siku 300 ni laki na nusu, na mpo wangapi kwenye safu yenu? Wapo 40, ni milioni 6. Hiyo ni hela ya kutengeneza choo cha soko.

Ushuru wa huduma ndio nini tena, si nimeshalipa TRA?

TRA unalipa kodi ya serikali kuu, ushuru wa huduma ni wa halmashauri. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo yako ukishatoa VAT na ushuru wa bidhaa, na angalizo ni kwamba unapigwa kwenye mauzo sio kwenye faida, hapo ndio wenye maduka ya jumla yenye faida nyembamba wanapolia. Viwango vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila mwezi wa sita kwa hiyo uliza cha mwaka husika kabla hujalipa.

Nimetoa mahindi shambani, au kahawa, nalipa nini?

Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5, mwaka 2017 serikali ikashusha mpaka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa. Kwa kahawa anayetakiwa kulipa ni mnunuzi. Halmashauri zetu za mlimani zinazotegemea kahawa bajeti zao zinapanda na kushuka na mavuno na bei, mwaka mbaya wa kahawa unauona mpaka kwenye zahanati.

Haya, nani anaamua hela ifanye nini?

Soma taratibu hapa, ndio penyewe.

Kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili mitaa na vijiji wanatakiwa wakae waibue vipaumbele vyao, utaratibu unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mkutano unaitishwa, mnasema shida zenu, mnazipanga kwa uzito, mtendaji anaandika muhtasari. Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, na hapo mitaa yote ya kata inashindana. Wakati huo huo, mara nyingi mwezi wa kumi na moja, unatoka mwongozo wa bajeti wa serikali na kila halmashauri inapewa ukomo, yaani kiasi ambacho haitakiwi kuvuka.

Kisha wataalamu wa halmashauri wanachukua ya kata zote wanayabana mpaka yaingie kwenye ukomo, na hapa vitu vingi vinakufa. Yanapita kwenye kamati za kudumu, hasa ile ya fedha, halafu mwezi wa kwanza au wa pili linakaa baraza maalum la bajeti la madiwani. Sheria inataka baraza lipitishe si chini ya miezi miwili kabla mwaka haujaanza. Inaenda kamati za ushauri za wilaya na mkoa, inaingizwa kwenye mfumo wa bajeti wa PlanRep, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) na Hazina wanaichambua, mwezi wa nne waziri wa TAMISEMI anaisoma Bungeni ikiwa ndani ya mafungu ya mikoa, katikati ya Juni waziri wa fedha anasoma bajeti kuu siku moja na wenzetu wa Afrika Mashariki, na wabunge wanapiga kura kwa kuitwa jina mmoja mmoja. Wakiikataa, Katiba ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge.

Sasa hesabu mwenyewe. Toka mtaa wenu ukae mpaka wewe usikie redio, imepita miezi kama saba.

Tuliomba na hatukupata, kwa nini?

Inategemea mliomba vipi. Nitasema la kwetu. Shule ya msingi ya mtaani vyoo vilikuwa vimejaa, watoto wa kike wa darasa la sita na la saba wanaomba ruhusa kurudi nyumbani, inauma kweli. Mkutano ukakaa, tulikuwa watu kama 20 tu kwenye mtaa wa mamia ya kaya, tukalia sana kuhusu vyoo kila mtu anasimama anaongea, na mwisho muhtasari ukaandikwa "ukarabati wa shule". Basi. Mwaka uliofuata ukarabati ukaja kweli, wakapaka rangi madarasa mawili na kubadilisha madirisha. Hatukuwa na la kusema kwa sababu ndicho kilichoandikwa, na mimi nilikuwa nimesaini.

Mwaka wa pili tukaandika matundu 10 ya vyoo vya wasichana, idadi ya wanafunzi, idadi ya matundu yaliyopo, nguvu za wananchi tutachimba shimo na kuleta mchanga na mawe. Na mkutanoni tulijaa, akina mama walifunga vibanda mapema. Ilichukua mwaka mmoja na nusu lakini vyoo vipo. Kwa hiyo kabla hamjatawanyika ombeni muhtasari usomwe kwa sauti, na kama kilichosemwa hakijaandikwa msikubali usainiwe. Vijijini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu, usipoitishwa ulizeni.

Mapato ya ndani yakishakusanywa yanagawanywaje?

Halmashauri haijiamulii tu. Asilimia 10 inaenda mikopo ya vikundi kwa mujibu wa sheria tangu 2018. Ya miradi ya maendeleo kuna kiwango kilichowekwa, asilimia 40 au 60 kwa halmashauri nyingi kutegemea uwezo wake, zile kubwa zinatakiwa zipeleke zaidi kwa sababu zinakusanya zaidi. Kinachobaki ndio posho za vikao vya madiwani, mafuta ya magari, usafi, walinzi, madeni. Hela ya hospitali na vituo vya afya inabaki kwenye vituo vyenyewe kununua dawa na vifaa.

Mikopo ya asilimia 10 ipo bado?

Ipo. Ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Aprili 2023 ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu hela nyingi zilikuwa hazirudi na kuna vikundi hewa vilivyogundulika, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kutoa kupitia benki, kwa huku kwetu ni Siha. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikundi kiwe na watu watano au zaidi wanaofanya kazi kweli, mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Na tafadhali rudisheni, hela ile ikirudi ndio anayokopeshwa mwenzako wa Kiboriloni aliyepo kwenye foleni.

Barabara ya mtaa wetu ni mashimo, mkurugenzi anafanya nini?

Barabara za mitaa na vijijini toka Julai 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, sio kwa mkurugenzi, na zile kubwa za kuunganisha mikoa ziko TANROADS. Hela yao inatoka kwenye tozo ya mafuta: unapojaza bodaboda yako unachangia, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA. Ombi lenu bado linapita kwa diwani na kata, ila wa kumbana kwenye utekelezaji ni meneja wa TARURA wa wilaya. Maji vile vile, mjini ni MUWSA kwa Moshi na AUWSA kwa Arusha, vijijini RUWASA, hawa hawako kwenye bajeti ya halmashauri. Taka na usafi wa soko ndio vya halmashauri, hapo bana.

Elimu si bure, mbona tunachangishwa?

Toka Januari 2016 ada imefutwa msingi mpaka kidato cha nne, na baadaye cha tano na sita. Serikali inapeleka ruzuku shuleni, kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na sehemu ya hiyo inabaki serikalini kununulia vitabu, sekondari 25,000. Haitoshi, mwalimu mkuu yeyote atakuambia. Chakula na ulinzi wazazi wanakubaliana kuchangia kwenye mkutano, lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, akirudishwa nenda kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

Mbunge si ana hela za jimbo?

Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria yake ni ya 2009, mbunge ni mwenyekiti wa kamati lakini hela inapitia akaunti ya halmashauri. Ni ndogo, ya kumalizia boma la darasa, kununua mabati na saruji.

Bajeti ilipitishwa na mradi wetu umo, mbona hakuna hata tofali?

Bajeti ni makisio ndugu yangu, sio hela. Halmashauri ikikisia itakusanya bilioni 5 ikapata 4, kuna kitu hakitafanyika. Hazina nayo inatoa hela kwa awamu kadri makusanyo ya nchi yanavyokwenda, na mara nyingine ya maendeleo inaingia mwezi wa tano, manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST, mkandarasi hajapatikana na 30 Juni hii hapa. Ruzuku isiyotumika inaweza kurudi Hazina na mkaanza kuiomba upya. Kwa hiyo swali zuri la kumuuliza diwani sio "mradi umo?", ni "hela imeshaingia kiasi gani mpaka leo?"

Nitajuaje hela imetumika vizuri?

Mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji na kubandikwa kwenye mbao za matangazo, shuleni na zahanati pia. Nenda usome, piga picha. Halafu kuna taarifa ya CAG, anamkabidhi Rais kufikia mwisho wa Machi na Aprili inafika Bungeni, kila halmashauri ina hati yake ya ukaguzi. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa sawasawa, haimaanishi kila shilingi ilitumika kwa busara, watu wanakosea sana hapo. Soma hoja zilizoandikwa ndani, ndio zenye habari. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ndio inawaita wakurugenzi kujibu hoja hizo.

Naweza kuingia kwenye baraza la madiwani mimi mtu wa kawaida?

Ndiyo, mkutano wa baraza uko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Hairuhusiwi kuongea, unakaa nyuma unasikiliza, vaa kwa heshima zima simu. Kamati ndizo ambazo huingii. Tarehe uliza kwa mtendaji wa kata au ofisi ya mkurugenzi, na kama una jambo mpelekee diwani wako wiki moja kabla, limeandikwa kwenye karatasi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa ofisi ya kata.